Matairi Manne ya Mapasa

Mama alisema anataka kwenda Pweto kabla macho yake hayajaisha. Alisema hivyo mezani, akitoa miiba ya samaki kwa vidole, na alipomaliza kusema aliomba chumvi.

"Lini?" nilimwuliza.

"Mbele ya mvua. Mvua ikipita, miye sitamuona tena muzuri."

Aliyetaka kumwona ni pacha wake. Walizaliwa wawili kwa siku moja kando ya ziwa Mweru, na kwetu watoto wa namna hiyo huitwa mapasa. Wa kwanza kutoka, ambaye mimi humwita mama mukubwa, alibaki Pweto na ameuza samaki wakavu maisha yake yote. Wa pili, mama yangu, aliolewa na mtu wa reli akaja Lubumbashi. Daktari alikuwa ametueleza kwamba ugonjwa wa mama si ule wa ukungu unaopasuliwa ukaondoka. Ni ule unaokula mishipa iliyo nyuma ya jicho, taratibu, bila maumivu. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kazi. La kulia lilikuwa linafuata, na matone yalipunguza mwendo wake tu. Mama mukubwa naye aliteleza miaka iliyopita akavunjika nyonga, ikaunga vibaya, na tangu hapo hawezi kupanda lori. Kwa hiyo mwenye miguu ndiye aliyepaswa kumfuata mwenye macho, na muda haukuwa mwingi.

Nilikubali mara moja. Kisha nikatoka nje kutazama matairi.

Mimi ni fundi wa mizani. Nina chumba cha kazi Kamalondo, na wafanyabiashara huniletea mizani zao zinapoanza kusema uongo, au zinapoanza kusema ukweli mwingi kuliko wanavyopenda. Kazi hii sikufundishwa shuleni. Niliisoma katika vitabu vya watengenezaji, vya Kifaransa, nikiwa na kamusi pembeni, na tangu wakati huo nimeshika desturi ya kutogusa kitu ambacho sijakisoma. Gari langu ni la zamani, refu, la aina ambayo magurudumu yote manne huvuta wakati wote. Nililinunua kwa watu waliokuwa wanafunga ofisi yao na kurudi kwao. Kwa barabara za Lubumbashi matairi yake yalitosha. Kwa barabara ya Pweto, baada ya lami kuisha pale Kasomeno, yasingetosha hata kidogo: meno yalikuwa yamelika hadi kubaki mistari, na ubavuni mpira ulikuwa umepasuka nyufa nyembamba kama za kisigino.

Ilikuwa miezi ya baridi. Nilihesabu kwamba nina nafasi ya kuchagua vizuri.

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi ambayo watu wengi hawayasomi. Namba ya kwanza ni upana. Ya pili ni urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana huo. Kisha huja ukubwa wa rimu, halafu mzigo ambao tairi laweza kubeba, halafu mwendo ambao halipaswi kuupita. Mahali pengine, ndani ya kiduara kidogo, kuna juma na mwaka lilipotengenezwa. Mtu akiyajua hayo sita, muuzaji hubaki na maneno machache sana ya kumwambia.

Ugumu ulikuwa katika meno. Tairi la lami lina meno madogo yaliyokaribiana. Linatembea kimya, lakini kwenye tope mianya hujaa na tairi huwa laini kama chupa iliyopakwa mafuta. Tairi la tope lina meno makubwa yenye mianya mipana, hujisafisha lenyewe linapozunguka, lakini kwenye lami hupiga kelele kama kinu cha mahindi, na lami ikilowa hushika vibaya. Safari ya Pweto ina lami, ina mchanga, ina mawe, na mvua ikiwahi ina tope. Katikati kuna aina ya tatu, inayoitwa ya kila ardhi, ambayo haifanyi jambo lolote vizuri kabisa na haifanyi lolote vibaya kabisa. Niliiamini kwa sababu hiyo. Lakini ndani ya aina hiyo kuna nyingine nyingi.

Niliamua kuiuliza barabara yenyewe. Kuna uwanja ambapo magari ya samaki kutoka Pweto na Kilwa hushusha mizigo. Nilikwenda pale asubuhi kadhaa na kijiti, nikachutama kando ya kila gari lililofika, nikachokoa udongo uliobaki kati ya meno ili nione ni mianya ipi inayoshika na ipi inayoachia. Madereva walinitazama siku ya kwanza wakaendelea kushusha mizigo. Siku ya pili mmoja, aliyekuwa amelala juu ya magunia, aliinua kichwa akaniita mzee.

"Vieux, samaki iko huku yulu. Kule chini hutapata hata dagaa."

"Ninaangalia pneu," nilisema, nikigonga tairi lake kwa kijiti.

"Ya yangu haina kitu ya kuangalia."

Alisema kweli. Matairi ya lori lake hayakuwa na jino hata moja. Yalikuwa laini kama shavu. Nilimwuliza anawezaje kupita penye tope.

"Ninaomba," alisema, akalala tena.

Muuzaji wa matairi ana duka barabarani si mbali na chumba changu cha kazi. Ni mtu mnene, mpole, anayekaa mlangoni juu ya tairi la trekta kama mtu aliye kwenye kiti cha enzi. Nilipofika kwa mara ya kwanza aliniita patron, yaani bosi. Mwezi uliofuata aliniita ingénieur, mhandisi. Baadaye hakusimama tena akiniona.

"Ingénieur, karibu. Leo unanunua ao unasoma?"

"Ninasoma."

"Soma. Bibliothèque iko wazi," alisema, kama mwenye maktaba.

Nilimwonyesha tairi moja alilolisifu sana, nikamsomea mwaka wake.

"Hii imezeeka."

"Imezeeka namna gani? Iko mupya. Haiyatembea hata hatua moya."

"Haikutembea, lakini mpira unazeeka hata ukikaa. Umekaa juani hapa mbele ya duka."

Alifikiri kidogo. "Basi iko sawa masista ya ku paroisse," alisema, akielekeza kidevu upande wa parokia. "Hakuolewa, lakini myaka iko nayo."

Alitaka kuniuzia matairi mapana. Wenye magari makubwa mjini huyapenda kwa sababu hujaza tao la gurudumu na gari huonekana kama limevuta pumzi. Nilimweleza kwamba kwenye tope lenye sakafu ngumu chini, tairi jembamba hupasua na kufika kwenye sakafu, ilhali pana huelea juu kama mtumbwi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia mteja mwingine aliyekuwa anasubiri kwamba huyu papa akinunua kitu hapa, yeye atafunga duka siku hiyo wapumzike.

Nyumbani Katuba, mke wangu hakuwa na subira ya aina hiyo. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye amezaliwa hapa hapa, anauza vitenge, na huamua mambo kwa kasi ya mtu anayekata kitambaa.

"Papa ya batoto, ile baridi imeisha," aliniambia. "Joto imeingia. Kisha joto ni nini?"

"Mvua."

"Ah. Hiyo pia uliisoma?"

Mama hakuulizia matairi. Alikuwa ameanza kugeuza kichwa chote ili aone sahani. Siku moja alimwaga chai kando ya kikombe, akapangusa meza kwa khanga yake mwenyewe. Nilikwenda dukani siku iliyofuata.

Nilichukua ya kila ardhi, membamba kuliko yale aliyoyasifu muuzaji, ya ubavu mnene wenye tabaka za ziada, yaliyotengenezwa mwaka uliotangulia na kuwekwa kivulini. Nilichukua matano. Katika gari ambalo magurudumu yote huvuta, la akiba lazima lilingane na mengine mzingo kwa mzingo, la sivyo vyuma vya ndani husagana. Yalikuwa matano ya mwisho ya kipimo hicho. Mzigo mwingine ungefika baada ya mvua. Muuzaji hakufunga duka, lakini alisimama na kunishika mkono kwa mikono miwili, kama watu wanavyofanya msibani.

Yalipofungwa nililileta gari uani. Mama alitoka, akapapasa tairi la mbele kwa kiganja, akaingiza kidole kati ya meno, akasukuma ubavu kwa kidole gumba kama mtu anayepima embe. Nilifurahi. Nilikuwa nimetumia miezi mingi kwa ajili ya matairi hayo, na nilitaka ajue.

"Mama, hizi ni zako."

"Zangu?"

"Zako. Nilizitafuta juu yako."

Aliondoa mkono.

"Na ya mwenzangu?"

Hapa lazima nieleze. Kwetu, kitu anachopewa pasa mmoja hupewa na mwenzake, kwa kipimo kilekile, na ikiwezekana siku ileile. Aliyenyimwa huugua, na anayelaumiwa ni mtoaji. Walipokuwa watoto, mmoja akichapwa, mwingine alipigwa kofi dogo la mguuni asije akajiona ameachwa. Baba alipomnunulia mama viatu, alituma jozi ileile Pweto, ingawa mguu wa mama mukubwa ni mrefu zaidi. Mimi mwenyewe nimetuma mablanketi, mabeseni, redio na simu, kila kitu viwili viwili. Mama alipoandikiwa matone ya macho, tulituma chupa moja Pweto. Mama mukubwa, mwenye macho ya mwewe, alijidondoshea mara moja kwa haki, akaifunga chupa akaiweka kabatini.

Yote hayo niliyajua. Sikuwa tu nimelifikiria tairi kuwa kitu ambacho mtu anaweza kupewa.

"Mama, nilisema vile kwa kusema tu. Pneu ni za motoka."

"Ulisema ni zangu. Nilisikia. Macho njo inaisha, masikio iko." Alirudi nyuma hatua moja. "Miye sitapanda juu ya kitu yangu niende kwa mwenzangu mikono mitupu. Nitamwambia nini? Niangalie, niko na pneu ine, weye hauna?"

"Mama mukubwa hana motoka."

"Na miye niko na motoka?"

Hakuwa nayo. Aliingia ndani, akakaa kitini.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mkasi mkononi. Nilitarajia anisaidie, kwa kuwa ni mtu wa kisasa na mambo ya kwetu huyacheka mara kwa mara.

"Ulisema vile kwa pasa?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Hata kwetu Kasai muntu hawezi kusema vile. Hata mulevi."

"Nilisahau."

"Ulisoma bitabu yote ya pneu, ukasahau mama yako iko pasa."

Kurudisha neno hakukuwezekana. Linalotolewa kwa mapasa halirudi. Kununua mengine manne pia hakukuwezekana, kwa kuwa dukani hayakuwapo, na ya namna nyingine yasingekuwa kipimo kilekile. Siku tatu gari lilikaa uani likiwa tayari kwa safari, na mama alikaa ndani akiwa tayari kwa safari, mzigo wake umefungwa kwa kitenge miguuni pake. Mchana mawingu yalianza kukusanyika upande wa mashariki. Hayakuleta kitu, lakini yalikusanyika.

Aliyefungua njia ni mke wangu. Alikwenda kukaa karibu na mama, akaanza kukunja vitambaa.

"Mama mukwe, kilo ya sukari ukipewa, unafanya nini?"

"Ninaigawa. Nusu yangu, nusu ya mwenzangu."

"Basi pneu iko ine. Mbili yako, mbili yake. Bwana yangu alitoa, weye unagawa. Mwenye kosa iko wapi?"

Mama alifikiri. "Na ile ya tano?"

"Ya tano ni yangu," nilisema haraka. "Ile sikuitoa."

Tukatoka nje kugawa. Mama aliuliza upande upi ni bora. Nilimwambia ukweli, kwamba sisi huendesha kulia, na matairi ya kulia hupita ukingoni mwa barabara ambako mawe ni mengi, kwa hiyo huumia zaidi. Kwa upande wa kuhifadhi mali, kushoto ni afadhali. Alisema mama mukubwa ndiye aliyetangulia kutoka, na mkono wa kulia ni wa mkubwa. Mke wangu alichukua rangi yake ya kucha akaweka tone jekundu ubavuni mwa yale mawili ya kulia, ili pasitokee maneno. Siku iliyofuata tuliondoka asubuhi na mapema.

Kuhusu matairi naweza kusema kwamba yalikuwa kama yalivyoandikwa. Kwenye lami yalivuma kidogo, sauti ya mtu anayefikiri. Kasomeno nilipunguza upepo, na kwenye mchanga yalitambaa bila kuzama. Mama alikaa mbele, akigeuza uso wake ili jicho la kulia lielekee dirishani. Mara nyingine aliuliza, "Ile nyeupe ni nini?" nami nilimwambia, ni magunia ya makaa, au ni kanisa, naye alisema, "Nilifikiri ni vile."

Kabla ya Kilwa tulikutana na lori la mahindi penye njia nyembamba. Nililipisha. Gurudumu la kulia la nyuma lilishuka ukingoni, nikasikia sauti kama ya nguo nzito inayochanwa. Nilishuka. Jiwe lenye ncha ya shoka lilikuwa limefungua ubavu kwa urefu wa kiganja. Hakuna tairi la aina yoyote ambalo lingepona, na nililiandika hilo moyoni kwa ajili ya muuzaji.

Nilipiga jeki. Mama alishuka, akakaa kwenye shina lililoanguka.

"Ni ya nani?" aliuliza.

Niliangalia tone jekundu. "Ya mama mukubwa."

Alihesabu kwa vidole. Nilifunga la akiba, nikakaza nati, nikaweka lililochanika nyuma.

"Tayari, mama. Twende."

"Sasa yeye iko na moya," alisema. "Miye niko na mbili."

"Mama."

"Ile umeweka ni yako. Ulisema mbele ya bibi yako."

Jua lilikuwa juu. Lori la mahindi lilikuwa limekwisha kwenda, na vumbi lake lilikuwa limekwisha kutua. Nilitazama nyuma, nikatazama mbele.

"Basi ninampa mama mukubwa hii ya akiba. Ile ya kupasuka ninachukua miye."

"Unampa?"

"Ninampa."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Alinyoosha mkono nimwinue.

Tulilala Kilwa, na alasiri ya siku ya pili tukaingia Pweto. Nyumba ya mama mukubwa iko mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya nyumba mbili, na uani kuna chanja za samaki. Alikuwa amekaa barazani na mkongojo wake, na hakuinuka kwa sababu hawezi. Mama alivuka ua akinishika kiwiko. Alipofika aliniachia.

"Nani ule?" alisema mama mukubwa. "Mbona anatembea sawa mwizi wa kuku?"

"Simama mu mwanga nikuone."

"Siwezi simama. Weye lete mwanga."

Mama alipiga magoti mbele yake, akamshika mashavu, akageuza uso ule kuelekea ziwani ambako mwanga ulikuwa unatokea. Kisha alifanya kitu nilichomwona akifanya nyumbani na sindano: aliusogeza karibu, akauondoa kidogo, akausogeza tena, mpaka akapata pale ambapo jicho lake bado linaona. Alibaki hapo muda mrefu. Mama mukubwa alitulia, jambo ambalo si kawaida yake.

"Umezeeka," mama alisema.

"Na weye je?"

"Miye sijione. Kwa hiyo siko muzee."

Wakacheka. Wana kicheko kimoja, kinachoanza kwa mmoja na kumalizikia kwa mwingine. Mimi nilikwenda kupima upepo wa matairi.

Jioni ile mama alimweleza mwenzake kila kitu, tangu uani Katuba hadi lile jiwe. Nilikuwa nakula bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa ziwani, nikaona mama mukubwa ameacha kula.

"Mutoto," aliniita. "Njo kweli niko na pneu mbili?"

"Kweli, mama mukubwa."

"Zile za upande huu, ya tone?"

"Moya ina tone. Ingine nilikupa njiani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya mama."

"Muzuri." Alirudia kula. Alikula kwa muda. "Unarudi lini?"

"Kesho kutwa, na mama. Nina kazi. Tena mvua iko karibu."

"Motoka inaenda na pneu ngapi?"

"Ine."

"Ya mwenzangu iko mbili. Basi aende na mbili yake. Miye, zangu zibaki hapa."

Nilidhani ni mzaha. Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatoa miiba.

"Mama mukubwa, utazifanya nini? Hauna motoka."

"Na samaki ninauza, niko nayo mapezi? Ni mali yangu. Ulinipa. Ao hukunipa?"

"Nilikupa."

"Basi."

"Lakini bila zako, mama hataweza kurudi."

"Ndiyo," alisema mama mukubwa.

Nilifikiri jambo hilo pande zote, kama nifikiriavyo mizani inayokataa kusimama katikati. Ningeweza kuchukua matairi, nikawa mtu aliyempokonya pasa kitu alichompa, na mama asingepanda. Ningeweza kungoja, na mvua ingenifungia humo, na wateja wangu Kamalondo wangebaki wanauziana kwa kukisia. La akiba lilikuwa limechanika, na lilikuwa langu.

"Mama," nilisema, "weye unasema nini?"

"Miye niko na mbili," alisema. "Mbili haitoshe kwenda." Kisha akaomba chumvi.

Asubuhi niliondoa yale mawili ya kulia, nikaliweka gari juu ya matofali. Nilimwachia mama matone yake yote niliyoyabeba, nikapatana na dereva mmoja wa samaki anirudishe Lubumbashi na awe anapeleka mengine. Alikuwa yule aliyelala juu ya magunia. Alinitambua.

"Vieux. Ile pneu ulitafuta, ulipata?"

"Nilipata."

"Iko wapi?"

Nilimwambia. Alibadili gia akaanza kuongelea bei ya samaki, na nilimshukuru kwa hilo. Mvua ilitukuta kabla ya Kasomeno. Udongo uligeuka bulongo, tope jekundu, na nilikaa mbele nikisubiri lori lile, lenye matairi laini kama shavu, lipinduke au lizame. Liliteleza kushoto, likateleza kulia, likapita. Sina maelezo ya jambo hilo. Nimelitafuta vitabuni.

Nyumbani mke wangu alinifungulia, akatazama nyuma yangu barabarani.

"Motoka?"

"Iko Pweto."

"Mama?"

"Iko Pweto."

"Pneu?"

"Mbili iko ku motoka. Mbili mama mukubwa alichukua."

Aliegemea mlango akafikiri, kisha akasema kwamba mwanamke yule angefanya biashara nzuri sana ya vitenge.

Sasa mvua inanyesha karibu kila alasiri, na barabara imefungwa kwa magari yote isipokuwa yale yanayoombewa. Mama hupiga simu siku za Jumapili. Wiki iliyopita nilimwuliza habari za macho.

"Asubui ninamuona," alisema. "Mangaribi simuone muzuri. Lakini nakuwa nimeshamuona asubui."

Nilimwuliza pia habari za matairi. Alisema gari bado liko juu ya matofali na yale mawili ya kushoto, na kuku wanalala chini yake. Yale mawili ya mama mukubwa wameyalaza barazani, wakayawekea mito.

"Tunakalia. Moya yeye, moya miye. Alinipa moya."

"Kwa hiyo sasa weye uko na tatu."

"Nilimupa ingine ya ku motoka. Tuko mbili-mbili."

Niliifikiria baraza ile. Ina kivuli. Hakuna mafuta yanayomwagika hapo, na mzigo ni mtu mmoja kwa kila tairi, chini sana ya namba iliyoandikwa ubavuni. Yatadumu. Kitu pekee kilichonisumbua ni kwamba mpira ukikaa muda mrefu umelalia upande mmoja huanza kushika umbo hilo, nikamwambia wayageuze mara moja moja.

Nilimsikia akimweleza mwenzake, na mwenzake akijibu kitu, na kile kicheko kikaanza huku na kuishia kule.

"Anasema tunageuza tayari," mama alisema. "Yake ikigeuka, yangu inageuka."